Shela na Wenyewe

Wahenga walinena: mgeni njoo, mwenyeji apone. Shela, mji mdogo ulio jirani na Lamu, ambao msikiti wake wa Ijumaa ulijengwa mwaka 1829, umepata wageni wengi wenye uwezo. Magofu ya mawe yamekuwa majumba ya fahari. Mafundi, manahodha na wenye punda wamepata riziki. Hilo twalishukuru.

Lakini kila nyumba inapouzwa kwa bei ya matajiri, kijana wa Shela hujiuliza ataoa akae wapi. Tena vilima vya mchanga vya Shela ndivyo vinavyohifadhi maji matamu yanywewayo Lamu. Vikijengwa, fedha haitakata kiu. Yawapasa wenye mamlaka kuvilinda, nasi tusiuze kwa pupa urithi wa wana wetu.