Tofauti za Namba na Umbo Lililofichika

Mwalimu wa hisabati aandikapo ubaoni vipeo vya pili 0, 1, 4, 9, 16, huwa ameandika namba zenye siri. Tukitoa kila namba katika ile inayoifuata, twapata 1, 3, 5, 7. Tukirudia, twapata 2, 2, 2. Na mara ya tatu husalia sifuri tupu. Polinomia ya daraja la tatu nayo huishia sifuri katika mara ya nne.

Hali ni hiyo hiyo katika mfumo wa namba tano tu, ambamo tunaandika baki baada ya kugawanya kwa 5. Humo vipeo vya pili ni 0, 1, 4, 4, 1, kisha mzunguko huanza upya. Tofauti za kwanza ni 1, 3, 0, 2, 4. Za pili ni 2 zote. Tukiigawanya hiyo 2 kwa 2 twapata 1, yaani namba inayozidisha x².

Sasa tujiulize: ikiwa tofauti hazifiki sifuri daima, bali mara nyingi kuliko bahati inavyoruhusu, je, kuna polinomia iliyojificha ndani? Mwingereza Timothy Gowers, katika makala zake za 1998 na 2001, alibuni vipimo vya kazi hiyo. Hatua za kutolea huchaguliwa bila upendeleo, kisha wastani wa matokeo hukadiriwa. Polinomia ya daraja linalohusika hupata 1. Mpangilio wa ovyo hukaribia sifuri.

Wanahisabati walitumaini kwamba kila mpangilio wenye kipimo kisicho kidogo hufanana kwa kiasi fulani na polinomia ya daraja hilo. Mwaka 2010 kazi za Vitaly Bergelson, Terence Tao na Tamar Ziegler zilithibitisha tumaini hilo pale ambapo namba tasa ya mfumo ni kubwa ya kutosha kuliko daraja.

Lakini katika mfumo wa 0 na 1, wenye vigeu vingi, tumaini lilikuwa limekwisha kuvunjika. Ben Green na Tao, na kwa upande wao Shachar Lovett, Roy Meshulam na Alex Samorodnitsky, walionyesha polinomia ya daraja la nne ambayo kipimo huiona kana kwamba ina umbo la daraja la tatu, ingawa haifanani na polinomia yoyote ya daraja hilo. Sababu ni kwamba humo 2 ni sawa na 0, na hakuna agawanyaye kwa sifuri. Mwaka 2012 Tao na Ziegler waliikamilisha nadharia kwa kukubali pia polinomia zenye thamani za sehemu, kama 1/4 na 1/8.

Msomaji na ajaribu mwenyewe vipeo vya tatu. Kwa baki za 5, tofauti za tatu zote ni 1. Kwa baki za 3, sifuri hutokea mapema, katika mara ya pili. Ni kwa nini?