Alama za Mtihani na Wastani wa Darasani katika Udahili wa Vyuo vya Marekani

Mwombaji wa chuo kikuu nchini Marekani hupimwa kitaaluma kwa vigezo viwili vikuu. Cha kwanza ni wastani wa alama za darasani, unaokokotolewa kutokana na matokeo ya miaka minne ya sekondari katika kipimo ambacho kwa kawaida huanzia 0 hadi 4, ambapo A huhesabiwa 4 na C huhesabiwa 2. Cha pili ni mtihani sanifu, yaani mtihani unaotungwa na kusahihishwa kwa namna moja kwa watahiniwa wote, nao mashuhuri zaidi ni SAT, wenye alama 400 hadi 1600, na ACT, wenye alama 1 hadi 36. Kwa kuwa nchi hiyo haina mtihani wa taifa unaoamua nafasi za vyuo, kama ilivyo KCSE nchini Kenya au mtihani wa kidato cha sita nchini Tanzania, hujitokeza swali iwapo alama za juu za mtihani zaweza kufidia wastani hafifu.

Pale udahili ulipofuata kanuni ya hesabu, fidia hiyo ilikuwa na bei inayojulikana. Chuo Kikuu cha Jimbo la California kilitumia kwa miaka mingi fahirisi ya ustahiki, yaani namba iliyopatikana kwa kuzidisha wastani mara 800 na kuongeza alama za SAT. Kabla ya SAT kurekebishwa mwaka 2016, mkazi wa jimbo alitakiwa kufikisha 2900. Hivyo, mwenye wastani wa 2.5 alihitaji 900, na mwenye 2.0 alihitaji 1300. Hata hivyo, aliyefikisha 3.0 alistahiki kwa alama yoyote ya mtihani, ilhali aliyeshuka chini ya 2.0 hakuokolewa hata na 1600, kwa maana kwamba darasa liliweza kutosha bila mtihani, lakini mtihani haukutosha bila darasa. Mwaka 2022 chuo hicho kiliiondoa mitihani hiyo kabisa katika udahili wake.

Kutolingana huko kuna sababu. Alama za darasani hukusanya mahudhurio, kazi zilizowasilishwa kwa wakati na uvumilivu wa miaka kadhaa, ilhali mtihani hupima kwa saa chache uwezo wa kusoma, kufikiri na kukokotoa. Utafiti wa Elaine Allensworth na Kallie Clark kuhusu wahitimu wa shule za umma za Chicago, uliochapishwa mwaka 2020, ulionyesha kwamba wastani wa sekondari ulibashiri kuhitimu chuo kwa nguvu takriban mara 5 kuliko alama za ACT. Kwa upande mwingine, A ya shule moja si lazima ilingane na A ya shule nyingine, na ndiyo maana baadhi ya vyuo vyenye ushindani mkali, vikiwamo MIT mwaka 2022 na Dartmouth mwaka 2024, vilirejesha sharti la mtihani lililosimamishwa wakati wa UVIKO-19.

Vyuo vya aina hiyo hufuata tathmini jumuishi, ambayo husoma alama pamoja na uzito wa masomo yaliyochaguliwa, insha, barua za walimu na mazingira ya shule, bila kanuni ya kujumlisha. Humo, alama za juu za mtihani huwa ushahidi ambao thamani yake hutegemea chanzo cha wastani hafifu. Ikiwa alama zilishuka kwa sababu ya ugonjwa au msiba kisha zikapanda, au ikiwa shule husahihisha kwa ukali usio wa kawaida, mtihani huthibitisha kwamba uwezo upo. Lakini ikiwa hakuna maelezo yoyote, pengo hilohilo huweza kusomwa kama dalili ya mwanafunzi mwenye uwezo asiyejituma. Aidha, katika vyuo visivyotazama mitihani kabisa, kama vile Chuo Kikuu cha California, ambacho bodi yake iliamua kuiondoa mwaka 2020, alama hizo hazina nafasi ya kufidia chochote katika uamuzi wa udahili.

Kwa hiyo, mtihani huweza kurekebisha tafsiri ya alama za darasani, wala hauzifuti. Na mwombaji mwenye wastani hafifu hufaidika nao zaidi pale rekodi yake inapoonyesha pia kwamba kilichomrudisha nyuma kimekwisha.