Mkono wa Kulia, Mkono wa Kushoto: Neno la Kemia na Dawa ya Kichocho

Askari anyoapo ndevu asubuhi hukutana kiooni na mwenziwe aliye sawa naye kwa kila hali ila moja: akiinua mkono wa kulia, yule huinua wa kushoto. Buti la kulia nalo, hata ling'arishwe vipi, halivaliki mguu wa kushoto. Hali hii ya kitu kutolingana na taswira yake ya kiooni, wanakemia huiita kairaliti.

Neno hilo lilibuniwa na William Thomson, ajulikanaye kama Lord Kelvin, katika mhadhara wake wa Oxford, Uingereza, mwaka 1893. Alilitoa katika Kigiriki, kheir, yaani mkono. Jambo lenyewe lilikwisha kuonekana zamani. Mwaka 1848 Mfaransa Louis Pasteur alitenga fuwele za chumvi moja, za mkono huu mbali na za mkono ule. Zilipoyeyushwa majini, kundi moja liligeuza mwanga maalumu kulia, jingine kushoto, mithili ya vikosi viwili vilivyopewa amri mbili.

Latuhusu nini jambo hili, sisi tukaao Juba, kando ya Nile Nyeupe? Latuhusu sana. Kichocho kimo nchini mwetu. Konokono wa mitoni na vinamasini hutoa vijidudu vipenyavyo ngozi ya aogaye, avuaye au avukaye. Dawa yake ni prazikwanteli, nayo ni mchanganyiko wa nusu kwa nusu: molekuli za mkono mmoja huua minyoo, pacha zao karibu hazina nguvu, tena huzidisha uchungu. Kwa kipimo cha miligramu 40 kwa kila kilo, askari wa kilo 60 humeza vidonge vinne vya miligramu 600. Katika miligramu hizo 2,400, wapiganaji ni 1,200 tu. Waliobaki ni wasindikizaji.

Mtu mzima huvumilia uchungu, mtoto hutema. Ndiyo sababu wataalamu walitengeneza aprazikwanteli, yenye mkono mmoja tu. Ilijaribiwa Kenya na Ivory Coast, na Desemba 2023 Wakala wa Dawa wa Ulaya ukatoa maoni ya kuikubali kwa watoto wa miezi 3 hadi miaka 6.

Basi ndugu askari na polisi, mkiandikiwa vidonge vinne, msimeze viwili kwa hoja kwamba nusu ni bure. Mikono yote miwili imo ndani ya kila kidonge. Aachaye vidonge viwili, ameacha nusu ya silaha zake, na adui bado yumo mwilini.