Kikosi cha Juni huamuliwa nyumbani Desemba

KILA Januari shule zinapofunguliwa katika wilaya za Tarime na Serengeti mkoani Mara, mwalimu wa michezo huwa na kazi moja kabla hajatoa mpira stoo. Hufungua daftari la mwaka uliopita na kuanza kuhesabu majina. Nani amerudi?

Kwa timu ya wavulana swali hilo ni la kawaida. Kwa timu ya wasichana linaweza kuwa zito, kwa sababu jibu lake halikuamuliwa uwanjani wala darasani. Liliamuliwa nyumbani, wakati wa likizo ndefu ya mwisho wa mwaka, na mara nyingi mchezaji mwenyewe hakuulizwa.

Wazazi wengi wanajua mashindano ya UMISSETA ya shule za sekondari, na yale ya UMITASHUMTA ya shule za msingi. Safari yake huanzia shuleni, ikapanda hadi wilaya, kisha mkoa, na mwezi Juni wanaobaki hukutana kwenye fainali za taifa. Mwaka 2023 na 2024 fainali hizo zilifanyika Tabora, na 2025 zikahamia Iringa. Ukihesabu kutoka Januari, mwalimu ana miezi minne au mitano tu ya kutengeneza timu. Muda huo hautoshi kuanza na watoto wote wapya.

Wanaojulikana na wasiojulikana

Timu ya shule haifanani na klabu. Klabu ikipenda mchezaji humwongezea mkataba. Shule haina mkataba, ina kidato. Msichana wa kidato cha nne hufanya mtihani wa taifa Novemba na kuondoka, hata kama ndiye kipa bora wilayani. Mwalimu analijua hilo tangu mapema, hivyo humweka binti wa kidato cha pili afanye mazoezi nyuma ya huyo kipa, aone anavyosimama, ajifunze anavyopanga ukuta na anavyopiga kelele kuamsha mabeki.

Tatizo ni yule asiyetarajiwa kuondoka. Chukua mfano wa kikosi cha wachezaji 18. Sita ni wa kidato cha nne, wanahitimu. Wanabaki 12, na hapo mwalimu bado ana timu: ana beki wa kati, ana kiungo, ana nahodha msaidizi ambaye sasa atakuwa nahodha. Lakini ikifika Januari wawili hawakuonekana, wa tatu amerudi lakini hataki tena kuvaa jezi, basi hesabu yote imevurugika. Na mara nyingi wanaokosekana ni wa kidato cha pili na cha tatu, ambao ndio walikuwa uti wa mgongo wa msimu unaokuja.

Thamani ya mmoja aliyerudi

Mtu asiyecheza mpira anaweza kuuliza: msichana mmoja akikosekana, si atafutwe mwingine? Waliopo ni wengi.

Jibu linaonekana kwenye safu ya ulinzi. Mabeki wanne wakipanda pamoja, mshambuliaji wa upinzani huachwa ameotea. Mmoja akichelewa kwa hatua mbili tu, mtego umekufa na wapinzani wako uso kwa uso na kipa. Mbio peke yake hazimfundishi mtu kupanda kwa pamoja. Hujifunza kwa kucheza mechi nyingi na watu walewale, mpaka akasikia sauti ya mwenzake na mguu ukaondoka wenyewe.

Vilevile kuna utulivu. Mgeni akifungwa bao la mapema huinamisha kichwa, na wenzake humfuata. Mzoefu huchukua mpira wavuni, hukimbia nao hadi katikati na kusema tuanze. Huyo ndiye anayewafundisha wa kidato cha kwanza kufunga kamba za viatu vizuri, kunywa maji kabla ya kiu, na kutomjibu mwamuzi. Kwa hiyo msichana mmoja asiporudi, timu hupoteza mchezaji na mwalimu msaidizi kwa pamoja.

Somo kutoka India

Nchi nzima iliona kazi ya uzoefu mwaka 2022, kupitia timu inayobeba jina la wilaya na hifadhi yetu. Timu ya taifa ya wasichana chini ya miaka 17, Serengeti Girls, ilikwenda India kwenye Kombe la Dunia la FIFA, ikiwa timu ya kwanza ya soka ya Tanzania kufika fainali za Kombe la Dunia. Oktoba 12, chini ya kocha Bakari Shime, ilifungwa na Japan mabao 4-0. Wengi walidhani safari imeishia hapo.

Siku tatu baadaye wasichana walewale waliifunga Ufaransa 2-1. Kisha wakatoka sare ya 1-1 na Canada na kuingia robo fainali, ambako Colombia iliwatoa kwa mabao 3-0. Kati ya mechi ya kwanza na ya pili hawakuwa wamekua wala kuongeza mbio. Walichopata ni dakika 90 za kuujua ukubwa wa mashindano, na wakarudi uwanjani wakiwa na dakika hizo miguuni.

Lakini timu ya umri ina ugumu uleule wa timu ya shule: mwaka ukipita, wachezaji wanavuka kiwango na wengine wanaanza upya. Kombe la Dunia lililofuata la umri huo, 2024, Tanzania haikuwamo. Sababu za kutofuzu huwa nyingi, ila hili halina ubishi: uzoefu wa India haukuweza kubaki ndani ya jezi. Ulikuwa ndani ya wasichana, nao walishakua.

Likizo ndefu

Sasa turudi Tarime na Serengeti. Katika jamii kadhaa za wilaya hizi, Wakurya wakiwamo, msimu wa tohara na ukeketaji mara nyingi huangukia mwisho wa mwaka, shule zikiwa zimefungwa, na kwa kawaida katika miaka inayogawanyika kwa mbili. Wazee wa mila wa koo ndio hutangaza. Wavulana hutahiriwa msimu huohuo, lakini kwa mvulana si tangazo kwamba sasa anaweza kuondoka nyumbani. Kwa msichana, mara nyingi ndivyo linavyosomeka: sasa ni mtu mzima, mahari inaweza kuzungumzwa, ng'ombe wanaweza kuja.

Hapo ndipo daftari la mwalimu linapopoteza majina.

Hali inabadilika, ingawa polepole. Utafiti wa afya wa taifa wa 2015/16 ulionyesha kwamba wanawake 10 katika kila 100 nchini wenye umri wa miaka 15 hadi 49 walikuwa wamekeketwa, wakati mwaka 1996 walikuwa 18. Kwa Mara, hata hivyo, walikuwa 32 katika kila 100.

Sheria ipo. Tangu mwaka 1998, kumkeketa msichana wa chini ya miaka 18 ni kosa lenye kifungo kisichopungua miaka 5 na kisichozidi 15, au faini isiyozidi Sh300,000, au vyote viwili. Na tangu 2016, anayemuoa mwanafunzi anakabiliwa na kifungo cha miaka 30.

Wapo pia waliofungua milango. Kituo cha Masanga wilayani Tarime hupokea wasichana wanaokimbia msimu huo, hukaa nao hadi upite, kisha huzungumza na familia ili warudi nyumbani kwa amani. Mugumu, makao makuu ya wilaya ya Serengeti, ipo nyumba salama ya shirika la Hope for Girls and Women linaloongozwa na Rhobi Samwelly, ambaye amesimulia hadharani kwamba naye alikeketwa akiwa binti na nusura afe. Msichana anayekaa katika nyumba hizo Desemba na kurudi darasani Januari ni mchezaji aliyerudi, hata kama yeye mwenyewe hajawahi kugusa mpira.

Mzazi afanye nini

Kwanza, zungumzeni mapema. Mazungumzo ya likizo yasisubiri shule ifungwe. Baba na mama wakubaliane binti atakaa wapi Desemba, na bibi, shangazi na baba wadogo waambiwe uamuzi huo wakati bado kuna utulivu. Si mara moja mzazi amekataa ukeketaji, lakini binti akapelekwa na ndugu akiwa amekwenda kusalimia tu.

Pili, mjue mwalimu wa michezo. Huyo humwona mtoto jioni, akiwa amechoka na amejisahau. Mara nyingi ndiye wa kwanza kugundua kwamba mtoto amenyamaza ghafla mwezi Novemba. Mpe namba yako ya simu, nawe uchukue yake.

Tatu, muulize binti mwenyewe. Akikwambia ana hofu, usimcheke wala usimwambie ni mambo ya kikwenu. Ukiona hatari, dawati la jinsia na watoto katika kituo cha polisi lipo kwa kazi hiyo, na simu ya huduma kwa mtoto ni namba 116, haina malipo.

Nne, mpunguzie kazi siku za mazoezi. Msichana anayekwenda kisimani, kukata kuni na kupika kabla ya giza hawezi kuwa na mwaka wa pili kwenye timu. Kaka yake akichota maji siku mbili kwa wiki, nyumba haitaanguka.

Aliyerudi na kidonda

Lipo jambo ambalo familia nyingi huliogopa. Je, kama lilishatokea? Kama binti alikeketwa Desemba, au aliozeshwa, au alipata mimba, ameshatoka kwenye daftari?

Hapana. Aliyeumia anahitaji kwanza kituo cha afya, apone vizuri, na asisukumwe uwanjani kabla ya muda wake. Kuhusu aliyejifungua, Novemba 2021 Serikali ilitangaza kwamba wanafunzi walioacha masomo kwa sababu ya ujauzito wanaruhusiwa kurudi katika mfumo rasmi wa shule. Anayerudi asipokelewe kwa minong'ono. Nafasi yake ya beki au kiungo inaweza kumngoja, na hata asipocheza tena, anaweza kukaa na wadogo zake kandokando ya uwanja akiwaonyesha pa kusimama. Alichokijua mwaka jana bado anakijua.

Wahenga walisema mcheza kwao hutunzwa. Kwa kawaida tunalisema methali hiyo tukifikiria makofi na zawadi. Kwa msichana wa Tarime au Serengeti, kutunzwa huanza mapema zaidi: ni kuamka asubuhi ya Januari mzima, akavaa sare, akapita njia ileile ya kwenda shule, na mwalimu akiita jina lake akajibu, nipo.