Habari za Kuchekesha Zina Wenyewe

Kazi ikiisha jioni, wananchi hukutana barazani au kwa muuza kahawa, na mazungumzo yao hayakawii kuvuka bahari. Gazeti moja husomwa na watu kumi, redio moja husikilizwa na mtaa mzima, na siku hizi simu za mkononi huleta mambo ya dunia kabla kikombe cha kahawa hakijapoa. Hatuoni ubaya wowote katika desturi hiyo. Mfanyakazi ana haki ya kujua yatokeayo ulimwenguni na kuyatolea maoni yake, na baraza la jioni ni shule isiyotoza ada.

Lakini liko jambo moja ambalo yafaa tuonyane. Habari ikiwa ya vita au ya njaa, watu huinamisha vichwa. Ikiwa ya ajabu, hucheka, wakaipokezana, kisha wakaisahau, kana kwamba habari ya ajabu haina watu ndani yake. Sisi twasema inao. Wazee walinena kweli kwamba kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Leo twapenda kueleza mambo mawili ambayo dunia imeyacheka kwa miaka mingi, moja la mbali na moja la kwetu.

La kwanza lilitokea katika mji wa Boston, nchini Marekani, tarehe 15 Januari, 1919. Husimuliwa hivi: watu walikufa kwa gharika ya molasi. Msikilizaji hucheka papo hapo. Molasi ni ule urojo mweusi, mtamu, ubakiao baada ya sukari kutolewa katika miwa. Wafanyakazi wa viwanda vya sukari vya Kilombero na Mtibwa wanaujua vizuri. Ni nani awezaye kuzama katika kitu kiendacho polepole namna hiyo?

Walizama. Ukingoni mwa bandari, katika mtaa wa wafanyakazi wengi waliohamia kutoka Italia, palisimama tangi la chuma lenye urefu wa futi 50 na upana wa futi 90. Ndani yake mlikuwa na molasi karibu galoni 2,300,000 za Kimarekani, uzito wa zaidi ya tani 12,000. Baada ya saa sita mchana, wakati vibarua wa mji walipokuwa wakila chakula chao karibu na hapo, tangi likapasuka. Wimbi lililozidi kimo cha nyumba ya ghorofa moja likashuka mtaani kwa mwendo ambao hapana mtu awezaye kuushinda kwa miguu. Nyumba ziling'olewa katika misingi yao, na nguzo za reli iliyopita juu ya barabara zikapindwa. Baridi ya Januari ilipoushika urojo ule, ukawanasa watu na farasi kama ulimbo unasavyo ndege. Watu 21 walikufa, na wengine wapata 150 wakaumia. Wawili kati ya waliokufa walikuwa watoto wenye umri wa miaka 10.

Sasa na tuulize swali lisiloulizwa na wachekaji: tangi lile lilikuwaje? Lilijengwa mwaka 1915, wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, kwa haraka kubwa, kwa kuwa molasi ilitengenezwa spiriti iliyotumika katika kazi ya baruti, na faida ilikuwa nono. Aliyesimamia ujenzi alikuwa mtu wa mahesabu ya fedha, si mhandisi. Badala ya kulijaza tangi maji lijaribiwe, walitia maji ya kina cha inchi 6 tu. Likaanza kuvuja tangu mwanzo. Watoto wa mtaa walikwenda na vikopo kukinga matone. Mfanyakazi mmoja aliwaonya wakubwa wake, hakusikilizwa. Kampuni ililipaka tangi rangi ya kahawia, ili mivujo isionekane.

Maafa yalipotokea, kampuni ilidai kwamba wapinga serikali ndio waliotega bomu. Shauri likasikilizwa kwa miaka, mashahidi mamia wakaja mbele ya mkaguzi aliyeteuliwa na mahakama, na mwaka 1925 ikaamuliwa ya kuwa hapakuwa na bomu lolote. Tangi lilikuwa dhaifu, na mwenye kosa ni mwenye tangi. Fidia ya dola zaidi ya 600,000 ikalipwa. Kutokana na msiba ule, sheria za Marekani zikakazwa, ili majengo makubwa yasijengwe bila michoro kuidhinishwa na wahandisi.

Ndugu msomaji, je, habari hii ni ya kuchekesha? Hii ni habari ya vibarua waliouawa wakila chakula cha mchana, kwa sababu mtu mwingine aliona rangi ni rahisi kuliko chuma. Tukicheka tukapita, tumelitupa fundisho ambalo wenzetu walilinunua kwa roho zao. Mwenzako akinyolewa, zako tia maji.

Pengine msomaji atasema kwamba Boston ni mbali, nasi tunawasemea watu wasio wetu. Basi na turudi nyumbani, kwa maana sisi pia dunia imewahi kutucheka.

Tarehe 30 Januari, 1962, Tanganyika ikiwa haijatimiza miezi miwili ya Uhuru, wasichana watatu wa shule ya bweni ya misheni huko Kashasha, karibu na Bukoba, walianza kucheka wasiweze kujizuia. Hali ile ikawaingia wenzao, hata wanafunzi 95 kati ya 159 wakapatwa. Tarehe 18 Machi shule ikafungwa. Wasichana waliporudi kwao, hali ikatokea katika kijiji cha Nshamba, ambako watu 217 walipatwa, wengi wao vijana; kisha ikaingia katika shule nyingine ya wasichana karibu na Bukoba. Hakufa mtu.

Habari hii imezunguka ulimwengu. Husimuliwa ugenini kama hadithi ya nchi ya Kiafrika ambayo watu wake walicheka mwaka mzima bila kupumzika. Si kweli. Madaktari waliochunguza waliandika taarifa yao mwaka 1963: hali ilimshika mtu kwa saa chache au siku kadhaa, ikaacha, na pengine ikarudi. Wala hakikuwa kicheko cha furaha. Wasichana walicheka na kulia, wakahangaika kwa hofu, na waliojaribu kuwashika walipambana nao. Damu ilipimwa, chakula kikachunguzwa. Haikuonekana sumu wala kijidudu. Walimu hawakupatwa. Wataalamu wa baadaye wameeleza ya kuwa yalikuwa maradhi ya dhiki ya moyo, yatokayo kwa mmoja yakamwingia mwenzake, hasa mahali ambapo vijana wamebanwa na hawana njia ya kusema yaliyowalemea.

Wasichana wale walikuwa watoto wa watu. Wazazi walikesha nao bila kujua dawa ni nini. Kwetu ulikuwa msiba; kwa msimulizi wa mbali ni kichekesho cha kunogesha chakula cha jioni. Iwapo twaumia kuona watoto wetu wakisimuliwa hivyo, kwa haki gani tuwacheke waliokufa Boston?

Hatusemi kwamba baraza liwe kimya kama matanga. Kucheka ni afya, na dunia ina vioja vyake. Tunachosema ni kwamba, kabla ya kuipokeza habari ya ajabu, mtu aulize: ni kweli, au imetiwa chumvi njiani? Ni nani aliyeumia? Na je, yuko aliyejua mapema akanyamaza, au aliyesema akapuuzwa? Maswali hayo hayamnyimi mtu raha ya mazungumzo. Humfanya mfanyakazi awe msikilizaji mwenye akili, asiyedanganywa na rangi iliyopakwa juu ya ufa.

Na siku mwenzetu atakapokuja barazani na kusema kwamba tangi la kazini kwake linavuja, asichekwe. Asikilizwe hadi mwisho, kisha tufuatane naye asubuhi kwenda kulitazama.