Adili na Manyani Wake Watangulie Barazani

Kuwakusanya watu wasome kitabu si kazi. Kazi ni kuwarudisha mwezi wa pili. Vikundi vya wasomaji huzaliwa kwa shangwe nyingi. Mwezi wa kwanza mikeka haitoshi, mwezi wa pili nafasi zinaonekana, na mwezi wa tatu wamebaki mwenye nyumba, katibu na birika la kahawa. Ukiuliza, utaambiwa watu wana shughuli. Waama, shughuli zipo. Lakini hao hao wenye shughuli huwaoni wakikosa bao wala karata. Aghalabu kilichowafukuza ni kitabu chenyewe.

Kikundi kimoja cha hapa Mombasa, chenye vijana na wazee, wake kwa waume, kimenitaka shauri juu ya jambo hili. Wamepatana kwamba kitabu chao cha kwanza kiwe cha maajabu, tena cha zamani, kilichokwisha kupimwa na miaka. Baada ya hapo kila mtu ameshika njia yake. Vijana wanamtaka Tolkien wa Uingereza. Wazee wawili wanasema majini na nchi za angani ni mambo ya kuwalazia watoto. Wengine wamenyamaza, na hao ndio wa kuogopwa, kwa kuwa mwenye kunyamaza leo ndiye asiyekuja kesho.

Nianze na wazee wangu, kwa heshima. Maajabu si mgeni kwetu. Utendi wa Tambuka ulitungwa Pate mwaka 1728, na ndani yake vita vimekuzwa kupita kimo cha wanadamu, na walioukalia macho usiku hawakuwa watoto wa kunyonya. Chuoni tulisimuliwa habari za Nabii Suleiman, aliyetiishiwa majini na upepo, akafahamu usemi wa chungu, na hatukuambiwa tusubiri mpaka tuwe wadogo zaidi ndipo tusikie. Tena mtunzi wa maajabu hamdanganyi mtu. Mwongo ni yule atakaye asadikiwe. Huyu wa maajabu amekwisha kutangaza mlangoni kwamba nchi yake haimo katika ramani. Anachotaka tukipime ni tabia za watu wake, na hizo tunazijua majumbani mwetu.

Sasa vijana. Tolkien si wa kubezwa. Alikuwa mwanachuoni wa lugha za kale, akabuni lugha zake mwenyewe, kisha akazibunia watu wa kuzisema na nchi ya kukaa. The Lord of the Rings ilitoka kwa majuzuu matatu baina ya mwaka 1954 na 1955, nayo yapita kurasa 1,000. Mwezi mmoja hautoshi, wala mfuko wa mchuuzi hautoshi. The Hobbit, ya mwaka 1937, ni fupi zaidi. Lakini nayo ni ya Kiingereza, na katika kikundi kinachozungumza Kiswahili, kitabu cha Kiingereza kitawagawa watu kabla hakijafunguliwa: huku waliosoma, huku waliosimuliwa. Asiyesoma mwenyewe ataona haya kusema, na mwenye haya hachelewi kuondoka.

Yuko atakayesema basi na tuchukue tafsiri. Zipo, tena za siku nyingi. Alfu Lela U Lela ilipigwa chapa kwa Kiswahili mwaka 1928. Gulliver wa Jonathan Swift, aliyetoka kwao mwaka 1726, akavishwa kanzu mwaka 1932. Na yule binti Alice, wa mwaka 1865, akafika mwaka 1940 akiitwa Elisi, kisha akatafsiriwa upya mwaka 2015. Lakini chapa zile kongwe si rahisi kupatikana kwa idadi ya kutosha watu kumi na watano. Naye Alice, pamoja na uzuri wake, nusu ya kichekesho chake ni mchezo wa maneno ya Kiingereza. Mfasiri hodari hubuni mchezo mwingine mahali pake, na hapo wasomaji watajikuta wanamjadili mfasiri badala ya kisa.

Kwa hivyo nawarudisha nyumbani, kwa Shaaban Robert, mzaliwa wa Tanga, aliyeishi toka mwaka 1909 hata 1962. Huyu ametuachia hadithi tatu za maajabu, na hakuna hata moja inayofika kurasa mia. Kusadikika, ya mwaka 1951, ni nchi iliyo angani, ambako Karama ameshtakiwa kwa kufundisha elimu ya sheria, naye anajitetea kwa kueleza habari za wajumbe sita waliotumwa pande zote, mpaka mbinguni na ardhini, wakarudi na faida wakalipwa kifungo. Kufikirika aliiandika katika miaka ya 1940, isichapwe mpaka mwaka 1967, mwenyewe akiwa kaburini. Humo mna mfalme aliyekosa mtoto, na baada ya kumpata, mtoto akaugua, pakatafutwa mjinga na mwerevu wa kuchinjwa ili apone. Ya tatu ni Adili na Nduguze, ya mwaka 1952.

Wengi wangetaja Kusadikika mara moja, kwa kuwa ndiyo mashuhuri. Mimi nasema Adili atangulie.

Sababu ni hii. Katika Kusadikika msomaji anajua tokea ukurasa wa kwanza aliye na haki. Karama anasema, sisi tunaitikia. Na watu wanaoitikia pamoja hawana la kujadiliana. Adili ana fundo. Yeye ni gavana wa Janibu chini ya Mfalme Rai wa Ughaibu, anasifiwa kwa wema, na kila usiku huingia mahali pa siri akawachapa manyani wawili, kisha akawalisha na kuwabembeleza. Manyani hao ni ndugu zake, Hasidi na Mwivu. Aliwafadhili wakamhusudu, wakamtosa baharini. Jini aliyepata kumwokoa akawageuza wanyama, na kumwamuru awapige kila usiku, asipofanya adhabu imrudie yeye. Basi mtu mwema anapiga kwa amri, huku akilia. Je, ana lawama? Na waliotaka kumwua, wasamehewe? Hapo hutampata mtu wa kunyamaza, maana kila aliyegawana mirathi na ndugu zake anayo ya kusema.

Pana na jambo la pili, ambalo halisemwi sana. Kisa hiki Shaaban Robert hakukizua. Asili yake ni katika Alfu Lela U Lela, hadithi ya Abdallah bin Fadhil, liwali wa Basra katika zama za Harun Rashid. Kule ndugu waligeuzwa mbwa. Huku ni manyani. Lakini tofauti kubwa iko mwishoni. Katika kisa cha Kiarabu ndugu wanasamehewa, wanarudishiwa utu, kisha wivu unawapanda tena. Wanajaribu kumwua ndugu yao na wao wanauawa kwa hukumu. Shaaban Robert alifika kwenye njia panda hiyo akakata kushoto: kwake Hasidi na Mwivu walirudi kuwa watu, wakatubu, na kisa kikaishia katika furaha. Ni yupi aliyesema kweli juu ya mwanadamu? Aliyesema hasidi hana dawa, au aliyesema utu ukirudishwa hurudi mzima? Kikundi kikiuliza swali hilo saa tatu za usiku, msikitegemee kufunga mlango saa nne.

Yatakuwapo malalamiko. Wako waliokutana na Shaaban Robert darasani, wakatakiwa kutaja maudhui na dhamira, na hawajamsamehe. Wengine watasema majina yenyewe yanafichua kila kitu: mtu akiitwa Hasidi, tutarajie nini? Lakini jina likishafichua yatakayotendeka, swali linabaki kwa nini yakatendeka, na mtu aliyezaliwa pamoja na Adili, kwa baba mmoja, amepataje kuwa Hasidi. Hilo jina halilijibu.

Njia ya kusoma nayo ina kazi yake. Kitabu kinunuliwe nakala chache, zizunguke nyumba kwa nyumba katika wiki tatu za mwanzo. Siku ya mkutano, kurasa tatu au nne zisomwe kwa sauti na mtu mwenye ulimi mwepesi, kwa maana lugha ya Shaaban Robert iliandikwa isikike. Sentensi zake zina mizani, na asiyejua kusoma ataingia kisani sawa na mwalimu. Kisha kila mmoja aseme neno moja kabla ya yeyote kusema la pili, wazee wasianze. Mwezi unaofuata isomwe Kusadikika, kisha Kufikirika. Na kikundi kikishapata miguu, kiende kwa Nagona ya Euphrase Kezilahabi, ya mwaka 1990, au Bina-Adamu! ya Kyallo Wadi Wamitila, ya mwaka 2002, mtakakoona maajabu yakivaa nguo za zama zetu. Tolkien wa vijana naye apewe zamu yake, likizo ndefu ikifika, na wao ndio wawasomee na kuwafasiria wazee. Deni hilo naliandika kwa jina lao.

Mgeni huanzia ukumbini ndipo akafika ndani. Adili na Nduguze ni ukumbi mpana, na waliokaa humo wakabishana wataulizana wenyewe, kabla ya kuvaa viatu, mwezi ujao tunasoma nini.