Shujaa Akifa, Hati Iko kwa Nani?

Superman aliuawa Novemba 1992, katika toleo namba 75. Nakala ziliuzwa kwa mamilioni, na mwaka uliofuata akafufuka. DC, kampuni inayommiliki, ilijua maiti ina soko na ufufuo nao una soko lake.

Leo pita Muthurwa, Nairobi, palipo na mitumba, utamkuta kifuani mwa fulana. Ikiwa ni kamera, yaani daraja la juu, mteja wa kwanza ataondoka nayo asubuhi. Ikiwa ni fagia, daraja la chini kabisa, itarundikwa chini na kuuzwa kwa bei ya kutupa. DC haidai senti hapo. Ilishakula chake fulana ilipouzwa mara ya kwanza ng'ambo. Begi jipya la shule lenye picha ya Spider-Man ni jambo jingine: likiwa halali, mwenye alama amelipwa, likiwa bandia, ameibiwa.

Mashujaa wa kwetu wanakufa kifo kisicho na mauzo. Lance Spearman, mpelelezi wa jarida la picha la African Film la kampuni ya Drum, alisomwa sana Afrika Mashariki miaka ya 1960. Aliwashinda maadui wote. Jarida lilipokoma mwanzoni mwa miaka ya 1970, naye akaishia hapo. Akokhan, shujaa mwingine wa katuni, alichorwa katika Daily Nation na Frank Odoi, Mghana aliyefanya kazi yake Nairobi. Odoi alifariki katika ajali ya matatu Aprili 2012.

Boyie wa Shujaaz, kijana wa redio ya chini kwa chini, alizaliwa 2010 kwa mpango tofauti: Sheng tupu, na jarida likigawiwa bure. Lilisomwa mno, na Shujaaz ikapata hata tuzo ya kimataifa ya Emmy. Lakini gharama zilibebwa na wafadhili na washirika, si msomaji. Kwa maoni yangu huo ni uhai wa kuazima: msomaji anaweza kumpenda Boyie mpaka kesho, ila bajeti inapitishwa kwingine.

Si kwamba Wamarekani walianza na busara. Jerry Siegel na Joe Shuster, waliombuni Superman, waliuza haki zake zote kwa dola 130 mwaka 1938, kisha wakahangaika mahakamani miaka mingi.

Sheria ya hakimiliki ya Kenya inalinda mchoro kwa miaka 50 baada ya mwaka aliofariki mchoraji. Kwa hesabu hiyo michoro ya Odoi ina mwenyewe hadi mwisho wa 2062. Sheria hiyo hiyo inampa mwajiri kazi iliyofanywa katika ajira, isipokuwa mkataba useme vingine. Basi wewe unayechora shujaa wako Eastlands, kabla ya kumpeleka kwa mhariri au mfadhili, andika mkataba unaotaja nani atamrithi, nani ataruhusiwa kumwendeleza, na nani atalipwa shujaa huyo akichapwa kwenye fulana.